Kitabu cha oda chapisha kifaa cha mkononi: Nakala ya mwenye duka iko wapi?

MALI bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Kwa muda mrefu daftari lenyewe, kwa wenye maduka na wasambazaji wa bidhaa, limekuwa kitabu cha oda: kijitabu chenye kurasa zilizopangwa tatu tatu, nyeupe, waridi na manjano, na kipande cha karatasi ya kaboni kinachohamishwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine mpaka kinachakaa.

Kitabu hicho sasa kinaondoka. Mfanyakazi wa mauzo anayezuru maduka ya mitaani aghalabu hubeba simu au kishikwambi badala ya kalamu na kaboni. Mhudumu wa hoteli naye hugusa kioo pale alipokuwa akiandika. Mabadiliko haya husifiwa kwa sababu ya kasi. Hata hivyo, kasi ya kuandika si jambo kubwa. Mtu mwenye mazoea huandika "sukari 2, mafuta 1" kwa kalamu haraka kuliko anavyoweza kutafuta bidhaa hizo kwenye kioo. Jambo kubwa ni kujua oda ikishaandikwa inakwenda wapi, inamfikia nani, na nani anabaki na ushahidi wake.

Nakala tatu, watu watatu

Karatasi ya kaboni ilisajiliwa kama uvumbuzi nchini Uingereza mnamo 1806 na Ralph Wedgwood. Karatasi inayojinakili yenyewe bila kaboni ilitolewa na kampuni ya Marekani ya NCR mnamo 1954. Kati ya miaka hiyo, na baada yake, biashara ya dunia nzima ilizoea kuandika jambo moja mara moja na kupata nakala kadhaa.

Nakala hizo hazikuwa za mapambo. Ya kwanza ilikwenda bohari, ili karani wa ghala ajue cha kupakia. Ya pili ilibaki kwa mwenye duka, ili shehena ikija aweze kuilinganisha na alichoagiza. Ya tatu ilisalia kitabuni mwa muuzaji, ili mwisho wa mwezi hesabu ya malipo yake ya asilimia isipotee. Watu watatu ambao masilahi yao hayafanani kamwe walishika karatasi tatu zinazofanana, na kila mmoja alijua kwamba wenzake wanazo. Kwa ufupi, kitabu cha oda kilikuwa mkataba mdogo.

Udhaifu wake ulikuwa safarini. Muuzaji aliyezuru maduka 30 kwa siku alirudi jioni na kurasa 30. Hapo karani mwingine aliketi na kuziandika upya, kwanza kwa mkono katika leja, baadaye kwenye tarakilishi. Kila uandishi upya ulikuwa nafasi ya kosa. Tarakimu ya 7 iliyoandikwa haraka hufanana na 1. Mvua ikinyesha, nakala ya manjano ambayo tangu awali ilikuwa hafifu haisomeki tena. Kosa baya kuliko yote lilikuwa la kipimo: mwenye duka aliposema "mbili" alimaanisha pakiti mbili, bunda mbili au katoni mbili? Bunda la unga wa mahindi lina pakiti 12 za kilo mbili. Atakaye pakiti mbili akiletewa bunda mbili, amefungiwa fedha zake katika kilo 48 za unga, na gari limeshaondoka.

Fauka ya hayo, karatasi haikuwa na jibu. Muuzaji aliandika oda ya sabuni asubuhi bila kujua kwamba sabuni ilikwisha ghalani jana yake. Mwenye duka alingoja siku tatu kuambiwa kwamba hakuna, na katika siku hizo tatu wateja wake walinunua kwa jirani.

Mikahawa ya chai ya London

Jaribio la kuondoa uandishi huo wa pili lilianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyomiliki mikahawa ya chai katika miji mingi ya Uingereza, ilijijengea tarakilishi yake ikifuata mfano wa mashine ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Iliiita LEO, na mnamo 1951 ikaanza kuitumia kwa kazi za ofisini, jambo ambalo halikuwa limefanywa na kampuni ya kibiashara kabla yake.

Mnamo 1954 LEO ilipewa kazi ya oda za mikahawa. Kila mkahawa ulikuwa na oda ya kawaida kwa kila siku ya juma, nayo ilihifadhiwa kwenye kadi zilizotobolewa matundu. Msimamizi wa mkahawa hakujaza fomu tena. Alipigiwa simu kwa saa maalumu, akataja mabadiliko tu: keki zipunguzwe, mikate iongezwe. Mpokeaji wa simu alitoboa kadi papo hapo akiwa bado anasikiliza. Mashine ikatoa orodha za kupakia magari ya siku iliyofuata.

Hapakuwa na kifaa chochote mkononi mwa msimamizi yule isipokuwa mkono wa simu. Hata hivyo, kanuni iliyotumika ndiyo ile ile ya leo: oda ihifadhiwe na mashine pale inapotamkwa, na mtu aombwe ataje kilichobadilika tu.

Kilichokosekana kilikuwa njia nyepesi ya kutambua bidhaa bila kuitaja jina. Njia hiyo ilipatikana katika mistari myeusi na myeupe, yaani msimbopau. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbo wa aina inayotumika leo ilikuwa pakiti ya peremende za kutafuna za Wrigley, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, Juni 26, 1974.

Duka dogo la Tokyo

Mwezi mmoja kabla ya peremende hizo kusomwa Ohio, yaani Mei 1974, duka la kwanza la Seven-Eleven nchini Japan lilifunguliwa katika eneo la Toyosu, jijini Tokyo. Kampuni iliyolileta, Ito-Yokado, ilinunua kibali cha jina hilo kutoka kwa kampuni ya Southland ya Texas. Aliyesukuma mradi huo alikuwa Toshifumi Suzuki, na historia ya kifaa cha oda cha mkononi haiwezi kuandikwa bila duka hilo.

Tatizo lilikuwa la nafasi. Duka la aina hiyo ni dogo, lakini lina aina zipatazo 3,000 za bidhaa. Halina ghala la maana nyuma yake. Wauzaji wa jumla walizoea kuuza kwa vifungu vikubwa, na kila mmoja alileta gari lake; kumbukumbu za kampuni zinataja magari 70 kwa siku kwa duka moja katika siku hizo za mwanzo. Mwenye duka alikuwa akihesabu, akiandika, akipiga simu na kupokea magari, ilhali wateja wanangoja.

Mnamo 1978 kampuni ilitoa kifaa kilichoitwa Terminal Seven. Kitabu cha oda hakikutupwa. Kilichapishwa upya kikiwa na misimbo kando ya majina ya bidhaa. Mfanyakazi aliipitishia kalamu ya kielektroniki, akaweka idadi, na oda ikasafiri kwa laini ya simu. Ni busara inayostahili kuangaliwa na wanaofanya mageuzi ya ghafla siku hizi: karatasi na mashine zilifanya kazi bega kwa bega kwa miaka minne, na aliyejua kutumia kitabu alijua nusu ya kazi ya mashine kabla hajaishika.

Mnamo 1982 kitabu chenyewe kikageuka kifaa. Mfanyakazi sasa aliweza kutembea nacho mbele ya rafu, akaona kilichobaki kwa macho yake, na kuagiza papo hapo. Mwaka huo huo kampuni iliweka mashine za kaunta zilizonakili kila kilichouzwa. Kufikia 1990 kilitolewa kifaa kikubwa zaidi, chenye ukubwa wa daftari na kioo kilichoonyesha michoro: bidhaa hii iliuzwaje juzi na jana, ilikwisha saa ngapi, na hali ya hewa ya kesho itakuwaje.

Hapo ndipo palipo na funzo la Toyosu, na wengi waliolinakili duka hilo hawakuliona. Vifaa hivyo vingeweza kutumiwa kuchukua takwimu zote na kuzipeleka makao makuu, kisha makao makuu yaagize kwa niaba ya kila duka. Suzuki alikataa. Alishikilia kwamba oda iamuliwe dukani, na mtu anayejua kwamba shule ya jirani ina mashindano ya michezo kesho. Hata vijana walioajiriwa kwa saa chache walipewa kundi la bidhaa za kuagiza, wabuni idadi, kisha siku ya pili waone kwenye kioo kama walikisia sawa. Takwimu zilikwenda makao makuu, naam, lakini zilirudi kwa aliyezitoa. Nakala yake hakunyang'anywa.

Magari nayo yalipungua. Bidhaa za wazalishaji tofauti zilipoanza kuunganishwa katika vituo vya pamoja kulingana na joto linalohitajika, yale magari 70 yalishuka hadi takriban kumi. Kifaa cha mkononi peke yake hakingeweza kufanya hivyo. Bila kifaa, hata hivyo, hakuna ambaye angejua nini kipakiwe pamoja na nini.

Mwisho wa kisa hicho una kinaya. Southland, mwalimu wa Texas, ilifilisika mnamo 1990. Mwaka uliofuata ilichukuliwa na mwanafunzi wake wa Tokyo.

Dereva aliye muuzaji

Tokyo oda iliandikwa na aliye ndani ya duka. Katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, huandikwa na anayelizuru kwa gari. Mfano unaofahamika zaidi wa namna hiyo ni wa Frito-Lay, kampuni ya Marekani inayotengeneza krispi za viazi na mahindi.

Muuzaji wa Frito-Lay alikuwa dereva, mpakiaji, mpangaji wa rafu na karani kwa wakati mmoja. Aliendesha gari, akahesabu krispi zilizobaki, akazitoa zilizopitwa na wakati, akajaza pengo na kuandika kwa mkono fomu ndefu yenye kila bidhaa ya kampuni. Jioni alikokotoa jumla. Fomu zake zilisafiri kwa posta hadi ofisini, ambako zilichapwa upya, na mameneja wakaja kujua wiki kadhaa baadaye kilichouzwa na kisichouzwa.

Katika miaka ya 1980 kampuni iliwapa wauzaji wake wapatao 10,000 tarakilishi za mkononi zilizoundwa na Fujitsu. Muuzaji alibonyeza idadi. Mashine ikakokotoa bei na punguzo. Jioni aliichomeka katika kituo cha usambazaji, na usiku huo huo takwimu zilikuwa zimefika makao makuu huko Texas. Kila muuzaji alipunguziwa saa kadhaa za kazi ya karatasi kila wiki.

Garini mwake paliwekwa mashine ndogo ya kuchapa, na jambo hili hutajwa kwa nadra. Baada ya kubonyeza, muuzaji alimchapia meneja wa duka karatasi yenye kila bidhaa na bei yake, naye akaitia sahihi. Kampuni iliyotumia mamilioni ya dola kuondoa karatasi ilinunua mashine za kutoa karatasi, kwa kuwa hakuna mwenye duka ambaye angekubali kwamba deni lake limo ndani ya kifaa cha mtu mwingine.

Takwimu za kila usiku zilionyesha mambo ambayo fomu za posta zingeyazika. Mauzo ya krispi za mahindi yaliposhuka katika sehemu ya Texas, wakuu wa kampuni waliona haraka, wakatuma watu madukani na kukuta mpinzani mdogo akiuza krispi za mahindi meupe. Nao wakatengeneza za kwao katika miezi michache. Mpinzani huyo hakuwa na tarakilishi 10,000, na hapa msomaji anaweza kujiuliza mwenyewe ni nani hufaidika kifaa kinapoingia sokoni.

Nairobi na jirani zake

Nchini Kenya suala hili lilipata umaarufu mnamo 2010. Mwaka huo kampuni ya Virtual City ya Nairobi, iliyoongozwa na John Waibochi, ilishinda uwekezaji wa dola milioni moja katika shindano la kampuni ya simu ya Nokia. Kilichoshinda kilikuwa programu ya usambazaji wa bidhaa, iliyomwezesha mfanyakazi wa mauzo kunakili oda, mauzo na akiba kwa simu ya mkononi badala ya karatasi. Ilikuwa heshima kubwa, na ilikuja miaka mitatu tu baada ya M-Pesa kuanza mnamo 2007. Mwenye duka aliyezoea kulipwa kwa simu hakuona ajabu kuagiza kwa simu.

Hata hivyo, mnamo 2014 Nokia iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft, na miaka michache baadaye aina ya simu zilizoshinda sifa mwaka wa 2010 hazikupatikana tena madukani. Kitabu cha oda cha 1954 bado kinasomeka kwa mwenye miwani. Kampuni inayohamia kifaa haina budi kuuliza oda zake za zamani zitasomwa kwa nini wakati kifaa chenyewe kimekufa.

Waliofuata walikwenda mbali zaidi. Copia, iliyoanzishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliwalenga wakazi wa mashambani na vitongojini. Mteja aliangalia katalogi dukani kwa wakala wa kijijini, wakala akaituma oda kwa kifaa chake, na bidhaa zikaletwa dukani hapo. Twiga Foods, iliyoanza mnamo 2014 kwa ndizi, iliwapa wachuuzi wa Nairobi njia ya kuagiza kwa simu bila kuamkia soko la jumla alfajiri. Wachuuzi waliokuwa wakilipa nauli ya kwenda Wakulima au Gikomba kila siku walielewa faida hiyo bila kuelezwa.

Lakini oda iliyofika haraka haifanyi barabara kuwa fupi. Gari lazima lipakiwe, mafuta yanunuliwe, na pakiti moja ya sukari ipelekwe kijiji kilicho mbali na lami. Twiga ilipunguza wafanyakazi mnamo 2023. Mnamo Mei 2024 Copia nchini Kenya iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa mtaji zaidi. Sababu zao zilikuwa nyingi, na kifaa cha kuandikia oda hakikuwa kosa. Kilifanya kazi yake. Gharama ilikuwa upande wa magari, ambao kifaa hakiugusi.

Hotelini

Katika hoteli, karatasi ya oda ilikuwa askari. Mhudumu aliandika nakala tatu: moja kwa mpishi, moja kwa mtunza fedha, moja kwake. Mpishi aliyefundishwa vyema hatoi sahani bila kipande cha karatasi. Usiku mkuu wa hesabu alilinganisha vipande vya jikoni na bili zilizolipwa, na kama jikoni imetoa samaki 12 na mtunza fedha amepokea malipo ya samaki 11, mtu aliulizwa.

Kifaa cha mkononi kinafanya ulinganisho huo chenyewe, na ndiyo sababu wenye hoteli hukipenda kuliko wahudumu. Mwendo nao hupungua: mhudumu hatembei tena hadi jikoni kwa kila meza. Lakini "bila chumvi" na "mtoto ana mzio wa karanga" ni maneno ambayo karatasi iliyapokea bila kulalamika. Kifaa kisicho na nafasi ya kuandika maelezo huru, au kinachoificha chini ya vibonyezo vitano, ni hatari kwa afya ya watu. Nao wapishi wengi bado wanataka karatasi: oda inayotumwa kwa hewa hutokea jikoni ikiwa imechapwa kwenye kipande kinachoning'inizwa juu ya jiko, kama ilivyokuwa zamani, isipokuwa mwandiko unasomeka.

Hatua ya mbele zaidi ni kumpa mteja kifaa. Mikahawa ya Chili's nchini Marekani iliweka vishikwambi mezani kote mnamo 2014, na wakati wa janga la Covid-19 mnamo 2020 mteja alitakiwa kupiga picha msimbo ulio mezani kwa simu yake. Wengi walichoka nao mara janga lilipopungua. Kuna watu huenda hotelini ili waulizwe watakula nini.

Kifaa kinapozimika

Wakenya wana kumbukumbu chungu ya vifaa vya mkononi. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, vifaa vya kutambua wapigakura viligoma katika vituo vingi, baadhi kwa betri kuisha, na maafisa wakarejea kwenye sajili ya karatasi. Miaka sita baadaye, Agosti 2019, sensa ya kitaifa ilifanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na watu milioni 47.6 wakahesabiwa. Mambo haya mawili hayahusu oda za dukani, lakini kila meneja anayetaka kununua vifaa huulizwa habari zake na wafanyakazi wake mwenyewe, na ana haki ya kutayarisha jibu.

Jibu lenyewe ni la kiufundi. Programu ya oda iliyotengenezwa vizuri haihitaji mtandao wakati wa kuandika. Asubuhi muuzaji hupakua orodha ya bidhaa, bei, akiba iliyopo na kiwango cha mkopo cha kila duka. Mchana huandika hata kama hakuna mtandao. Oda hukaa foleni ndani ya simu na kuondoka zenyewe mtandao ukirudi. Kila oda hupewa namba yake ya pekee tangu inapozaliwa, ili ikitumwa mara mbili bohari isipakie mara mbili. Programu inayotegemea mtandao kwa kila kibonyezo ingelala kabisa Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Umeme ulipopotea nchini kote Agosti 25, 2023, waliokuwa na betri za akiba waliendelea, na wengine walitafuta kalamu. Kitabu kimoja cha kaboni ndani ya gari si aibu.

Serikali nayo imeongeza msukumo. Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, ilianzisha mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS mnamo 2023, na kuanzia Januari 1, 2024 gharama za biashara zisizo na ankara ya aina hiyo hazikubaliki kwa jumla katika hesabu ya kodi, isipokuwa zilizosamehewa na sheria. Ikiwa ankara lazima iwe ya kielektroniki, oda iliyoandikwa kwa mkono italazimika kuchapwa upya tu, na uandishi wa pili ndio uleule uliokimbiwa na mikahawa ya London.

Kwa muuzaji mwenyewe kifaa kina uso mwingine. Kitabu cha kaboni hakikusema aliingia dukani saa ngapi wala alikaa dakika ngapi. Simu husema, tena kwa ramani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi ni habari gani zinakusanywa na kwa madhumuni gani; kumkabidhi kifaa na kumwambia "tumia" hakutoshi.

Na mwenye duka? Hapa ndipo mifumo mingi huteleza. Muuzaji hugusa kioo chake, husema "imeingia", huenda zake. Mwenye duka amebaki na neno la mdomo. Shehena ikija na katoni tano badala ya tatu, kifaa kinachosema tano kiko mikononi mwa upande wa pili. Baadhi ya kampuni hutuma ujumbe mfupi wenye namba ya oda na orodha nzima. Nyingine hutuma jumla ya fedha tu, ambayo haisaidii kitu mzozo ukiwa wa idadi. Nyingine huchapa risiti kwa mashine ndogo ya kiunoni, lakini karatasi ya mashine hizo huandikwa kwa joto, na ikikaa kwenye kaunta yenye jua hufifia na kuwa nyeupe tupu.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B kilichoongezwa mnamo 2009, inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani, zikiambatana na hati iliyotiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya kifaa kilichozitoa. Mwenye duka hana dhamana ya kifaa cha muuzaji. Anacho alichotumiwa kwenye simu yake tu, ikiwa alitumiwa. Wengine kwa hiyo humzuia muuzaji mlangoni kwa dakika mbili, humwomba asome oda kwa sauti kutoka kwenye kioo, na kuinakili kwa kalamu katika daftari la kurasa 200 lililo chini ya kaunta, tarehe juu, sahihi ya muuzaji chini.